Stesheni Isiyo na Gari Moshi

Wako watu wasemao kwamba stesheni isiyopitiwa tena na gari moshi ni kama kisima kilichokauka: haina faida, afadhali ibomolewe na matofali yake yakajenge kwingine. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni Namasagali, kijiji kilicho kando ya mto Nile katika wilaya ya Kamuli, hapa Uganda.

Kwanza yafaa tujue kwa nini reli ilifika huko. Mto Nile utokapo Ziwa Victoria pale Jinja hupita katika maporomoko mengi, hata meli haziwezi kusafiri. Kufika Namasagali maji yametulia, na meli zaweza kwenda mpaka Ziwa Kyoga. Basi serikali ya Waingereza ikajenga Reli ya Busoga, yapata maili 60, ikafunguliwa mwaka 1912. Meli zilikusanya pamba katika pande za Kyoga, zikaileta kwenye gati la Namasagali. Hapo ilipakiwa katika mabehewa mpaka Jinja, ikavushwa ziwa mpaka Kisumu, ndipo ikachukuliwa na gari moshi la Mombasa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Kenya iliunganishwa na ile ya Busoga, na mizigo haikuhitaji tena kuvushwa ziwa.

Abiria nao hawakukosa. Mtu aliyetaka kwenda Kongo au Sudani aliweza kupanda meli Namasagali mpaka Masindi Port, akaenda kwa motokaa mpaka Butiaba, na huko akapanda meli ya Ziwa Albert.

Mambo hayo yalikoma kwa sababu mbili. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961 zilijaza maziwa, na maji yakafunika gati la Namasagali na la Butiaba pia. Tena mwaka 1964 reli iliyopita Soroti, Lira na Gulu ikafika Pakwach, na mizigo ya kaskazini ikapata njia isiyohitaji meli za Kyoga.

Lakini mwaka 1965 shule ya sekondari ilifunguliwa katika majengo yale yale ya reli, ndiyo Namasagali College. Baadaye Chuo Kikuu cha Busitema nacho kikaweka tawi lake kijijini hapo.

Mimi naona badiliko hili si hasara. Tusijidanganye: reli ile haikujengwa ili mtoto wa Busoga apate kusafiri, bali ili pamba aliyoilima baba yake ipate kufika ng'ambo. Pamba iliondoka isirudi. Mwanafunzi huondoka na elimu, naye aweza kurudi nyumbani akawafaa watu wake. Tena nyumba hudumu ikikaliwa. Ikiachwa tupu hurithiwa na popo na mchwa.

Hata hivyo, kuyatumia majengo tu hakutoshi. Mtu alalaye katika nyumba asiyojua ilijengwa na nani, wala kwa nini, ni kama mgeni ndani yake. Na wakati unatukimbia. Kijana aliyekuwa na miaka 20 akipakia pamba pale gatini mwaka 1961, leo amepita miaka 80. Wazee hao wakiisha, hatutakuwa na wa kumwuliza.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila jengo la zamani litiwe kibao kisemacho lilikuwa la kazi gani: ghala, ofisi au nyumba ya mfanyakazi. Gharama yake ni ubao na rangi. La pili, wanafunzi tunaotoka Busoga tuwaendee wazee wakati wa likizo, tuwaulize juu ya kazi yao, mshahara wao na safari zao, tuandike majibu yao kama walivyoyasema.

Nanyi mliotutangulia katika shule hii, ambao baba zenu au babu zenu walikuwa watu wa reli, mwandikieni Mhariri. Kurasa hizi za Kiswahili zafaa sana kwa habari hizo, kwa maana Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za kazi katika reli hiyo, toka Mombasa hata huku kwetu.