Mega ya usiku inatuibia usingizi: neno kwa wandugu wanaosoma uuguzi

Wandugu wapendwa, zaidi sana ninyi munaosoma uuguzi hapa Butembo, Beni, Bunia, Bukavu na kwingine,

Kama unapita saa saba ya usiku karibu na nyumba ambazo wanafunzi wanapanga, utaona mwangaza mdogo kwenye madirisha. Si umeme, juu umeme hauko. Si lampe. Ni simu. Ile saa ndiyo mega ya usiku inafanya kazi: pesa ambayo mchana inakupa mega kidogo tu, usiku inakupa nyingi, mpaka asubuhi. Basi tunauza usingizi wetu ili tupate intaneti ya bei chini.

Mimi pia niliuuza. Niko na licence katika uuguzi, na huu ni mwaka wa pili niko nyumbani bila kazi. Siandiki kama mwalimu wa mtu. Naandika kama mtu ambaye alikosea.

Nilikuwa kwenye staji katika hopitali moja. Usiku nilikonekte ili niteremushe masomo ambayo mwalimu alituma. Masomo iliisha kuteremka kwa dakika kumi. Kisha nikafungua video moja, ikaleta ya pili, ya tatu, mpaka nikasikia jogoo. Saa moja ya asubuhi nilikuwa napima tansio ya wagonjwa, macho inawaka. Tansio ya mama wa kitanda cha tatu nikaiandika kwa fishi ya mama wa kitanda cha ine. Na ilikuwa juu sana. Mwenyewe angebaki bila dawa, na mwenzake angepewa dawa ya kushusha tansio ambayo haiko juu. Muuguzi mkubwa alirudilia kupima, ndiyo akaona. Hakunipigia makelele. Aliniuliza tu: «Mwanangu, ulilala saa ngapi?» Nilikosa jibu.

Wandugu, hakuna kati yetu asiyejua haya mambo. Tuliisoma, tena tulipata pointi nzuri kwenye mtihani. Mtu mzima anahitaji kulala saa saba ao zaidi. Mwangaza wa simu usiku unadanganya mwili kwamba bado ni mchana, na usingizi unachelewa. OMS inasema mtu mzima atembeze mwili dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kusema kijiko kimoja kidogo. Tunafundisha wamama hayo yote kwenye kituo cha afya. Sisi wenyewe je? Asubuhi tunaamka tumechelewa, tunakunywa kinywaji cha kutia nguvu chenye sukari nyingi, tunakula mikate ya mafuta, tunapanda piki-piki, tunakaa kwenye oditware mpaka jioni. Usiku tunapika haraka, chumvi na kube juu ya kube, mkono mmoja ukishika kijiko, mwingine ukishika simu. Na tuko katika mji wa avoka, wa maracuja, wa lenga-lenga!

Kuko jambo lingine ambalo linaniuma zaidi. Fungua statuti za wanafunzi wa uuguzi: leo mmoja anauza pomade ya kung'arisha ngozi, kesho mwingine chai ya kukata tumbo, kesho kutwa matone ya kuongeza makalio. Wanayatoa kwenye TikTok, wanayatuma kwa jamaa. Na jamaa wananunua, juu «mtoto wetu anasoma udaktari». Kwetu, yeyote aliyevaa bulusi nyeupe ni daktari, hata kama angali mwaka wa kwanza.

Hapo pia nakubali kosa langu. Mwaka 2018, Ebola ilipofika kwetu, nilikuwa ninaanza masomo. Nilipokea sauti moja kwenye WhatsApp ikisema chanjo imeletwa kutumaliza. Sikuuliza mtu. Niliituma katika grupe ya familia. Shangazi yangu alikataa chanjo, akisema: «Hata mtoto wetu wa uuguzi amesema.» Mungu alimlinda, hakuugua. Lakini ule mlipuko, uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020, uliua watu zaidi ya 2 200. Siwezi kujua ile sauti ilifika wapi kisha kutoka kwangu.

Sasa wazee watasema: «Munaona, vijana wa leo ni simu tu.» Hapana wazee, musiende mbio. Nani alituweka kwenye simu usiku? Masomo yanakuja kwa WhatsApp juu biblioteke haina vitabu. Shefu wa promosio anatangaza saa ine ya usiku kwamba kesho kuko mtihani, juu naye amepata habari ile saa. Mwanafunzi analipa pesa ya masomo, analipa pesa ya staji, anakwenda staji bila pesa ya njia na bila chakula. Mchana mega ni bei, basi anangojea usiku. Ile si uvivu. Ni hesabu ya maskini.

Na viongozi wetu, simu wanaijua vizuri wakati wa kutoza. Tangu 2020 walikata initi zetu kwa jina la RAM, mpaka wanainchi wakapiga makelele na ikaondolewa mwaka 2022. Na kisha diplome? Wauguzi wengi wanafanya kazi miaka na miaka bila matrikule, bila mshahara. Kijana akiona hiyo mbele yake, atazima simu alale akiota nini?

Hata hivyo, sisemi tutupe simu. Mwezi wa kwanza 2019, kisha uchaguzi, walitukatia intaneti karibu wiki tatu, tukaona thamani yake. Simu ni jembe. Lakini jembe halilali kitandani na mkulima.

Ndiyo maana tunaomba mambo matatu:

1. Shule za uuguzi ziweke intaneti na biblioteke yenye kufunguliwa mchana, kwa ile pesa tunalipa. Matangazo yote ya masomo yatoke mbele ya saa mbili ya usiku.

2. ARPTC na kampuni za simu zishushe bei ya mega ya mchana kwa wanafunzi. Kama inawezekana usiku, kwa nini isiwezekane mchana?

3. Serikali ilipe wauguzi wanaofanya kazi, na iandike wale wapya. Mtu anayelinda afya ya wengine asilale njaa.

Lakini tusingojee Kinshasa ili tuanze kulala. Kuna yale yenye kuwa mikononi mwetu. Saa ine ya usiku, simu iwekwe mbali na kitanda. Wanaokaa pamoja wateremushe masomo kwa simu moja, wagawane, wengine walale. Kama njia ni salama, twende staji kwa miguu, wawili ao watatu. Siku ya yenga tukimbie pamoja asubuhi, haiombi franka hata moja. Pesa ya kile kinywaji inunue avoka na ndizi. Na mbele ya kutuma jambo lolote la dawa ao chanjo, tuulize mwalimu ao muuguzi mkubwa. Kama hatuna hakika, tunyamaze.

Yule mama wa kitanda cha ine alirudi nyumbani akiwa mzima. Alinishukuru, akanibariki, hakujua kitu. Mimi najua. Mgonjwa hatakuuliza uko na wafuasi wangapi kwenye TikTok. Anaomba tu mkono wako usitetemeke na macho yako isome namba sawasawa.

Leo usiku, ndugu yangu, dada yangu, zima simu ulale. Kesho twende wote kwa mkubwa wa shule kuuliza ile biblioteke iko wapi.