Mkanda upo, mbona tunaukalia?

Hapa Arua ni nadra kuona gari aina ya Volvo. Barabara zetu zimejaa Toyota. Hata hivyo, kila Toyota tunayopanda ina kitu kilichotoka Volvo. Mwaka 1959 mhandisi wa kampuni hiyo ya Uswidi, Nils Bohlin, alibuni mkanda unaopita begani na kiunoni. Kampuni ingeweza kutumia hataza yake kuwazuia wengine, lakini iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie bure.

Zawadi hiyo sisi tunaikalia. Panda gari la abiria la Arua–Koboko: mikanda ya nyuma imefunikwa na vitambaa vya viti, na kiti cha watu watatu kimebeba wanne. Dereva hujifunga akikaribia polisi, akishawapita, hujifungua.

Zamani vumbi na mashimo vilitulazimisha kwenda polepole. Sasa kuna lami na mwendo ni wa kasi. Gari likigonga kitu, mwili usiofungwa huendelea na kasi ile ile hadi ugonge kioo au abiria wa mbele.

Wapo wasemao ajali ni kazi ya Mungu. Mbona basi usiku tunafunga milango?

Matajiri wa magari waitoe mikanda ile chini ya vitambaa. Polisi wakague na viti vya nyuma. Nasi abiria, wakiwemo walimu wenzangu tunaowapandisha wanafunzi magari hayo, tuulize mkanda kabla ya kulipa nauli.