Aliyelichagua Gari Ndiye Aidhamini Bima Yake

Fidia kwa mtu aliyeumia katika ajali ya barabarani si sadaka, wala haitegemei huruma ya mwenye gari. Ni haki iliyowekwa na sheria. Lakini haki hiyo huwa na maana pale tu aliyeumia anapoujua mlango wa kubisha, na pale nyuma ya mlango huo anapokuwapo mtu mwenye wajibu wa kuufungua. Kwa abiria wa teksi mtandao mlango huo haujawekwa wazi, na ndiyo maana wengi huishia kuuguza majeraha yao kwa mikopo na michango ya ndugu.

Tangu kampuni ya Uber ilipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, na makampuni mengine yakafuata, usafiri wa kuitwa kwa simu umeingia katika maisha ya kila siku ya wakazi wa mijini. Mtumishi anayechelewa ofisini na mwalimu anayebeba madaftari ya wanafunzi huweza kuita gari, bajaji au bodaboda bila kutoka mlangoni. Hapana ubishi kwamba huduma hiyo imeleta nafuu. Abiria hujua nauli mapema, hulijua jina la dereva, na safari yake huwekewa kumbukumbu.

Mambo ya fedha katika biashara hiyo yamekwisha kujadiliwa kwa kina. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipoweka ukomo wa kamisheni ya asilimia 15 ambayo kampuni ingeweza kumkata dereva, kampuni ya Uber ilisimamisha huduma zake nchini mwezi Aprili. Mazungumzo yakafanyika, na mwishoni mwa mwaka huo ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25. Januari 2023 huduma ikarejea. Pande zote zilisikika katika shauri hilo: makampuni, madereva na Serikali. Swali la nani atamlipa abiria akivunjika mguu halikupata uzito kama huo.

Yafaa kwanza ieleweke sheria inasemaje. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kutumika barabarani bila bima ya kufidia watu wengine wanaouawa au kujeruhiwa kwa matumizi ya gari hilo. Gari linalobeba abiria kwa malipo linapaswa kuwa na bima inayowahusu pia abiria waliomo ndani. Mahakama ikishatoa hukumu dhidi ya mkosaji mwenye bima, kampuni ya bima inawajibika kuilipa hukumu hiyo, madhali masharti ya sheria yametimizwa. Aliyeitunga sheria hiyo alijua kwamba dereva maskini hawezi kulipa gharama za mguu uliokatwa, na kwa hiyo akataka mfuko wa bima usimame nyuma yake.

Hapo ndipo tatizo linapojitokeza. Bima ya gari la kubeba abiria kwa biashara ina ada kubwa kuliko bima ya gari binafsi. Mwenye gari anayetaka kupunguza gharama huweza kulikatia gari lake bima ya matumizi binafsi, kisha akaliingiza katika biashara ya kubeba watu. Siku ya ajali kampuni ya bima husoma mkataba na kueleza kwamba gari lilikuwa likitumika kwa kazi ambayo haikukatiwa bima. Abiria, ambaye hakuuona mkataba huo wala hakushirikishwa katika udanganyifu huo, ndiye anayebeba hasara.

Mathalan, achukuliwe mwalimu wa sekondari anayeita gari kutoka Mbagala kwenda katikati ya jiji. Gari linagongana na lori, naye anavunjika nyonga. Analala hospitali wiki sita, na baada ya hapo hawezi kusimama darasani kwa kipindi kizima. Akimwendea dereva, ataambiwa kwamba gari si lake, yeye hupeleka hesabu tu kwa tajiri. Akimwendea tajiri, ataambiwa kwamba dereva ndiye aliyekosea na bima ndiyo inayolipa. Akiiendea kampuni ya bima, ataulizwa iwapo gari lilikatiwa bima ya biashara. Akiiandikia kampuni ya mtandao, huenda akajibiwa kwamba yenyewe si msafirishaji, kazi yake ni kuwakutanisha abiria na dereva. Milango minne, na kila mmoja unamwelekeza kwenye mwingine.

Jibu hilo la mwisho ndilo linalohitaji kupimwa kwa makini kuliko yote. Abiria anayekwenda kwenye kituo cha teksi huliona gari kabla ya kupanda. Anaweza kutazama kibao cha namba, kwa kuwa cha gari la biashara ni cheupe na cha gari binafsi ni cha manjano. Anaweza kuuliza habari ya bima, na asiporidhika akachagua gari jingine. Abiria wa teksi mtandao hana nafasi kama hiyo. Yeye hutaja anakotoka na anakokwenda, na kampuni ndiyo inayoamua ni gari lipi limjie. Kampuni ndiyo iliyompokea dereva, ikahifadhi hati zake, ikapanga utaratibu wa nauli na kukata kamisheni yake. Wenye mamlaka ya kumchagulia abiria gari hawawezi kujitoa katika wajibu wa kuhakikisha kwamba gari hilo lina bima inayomlinda. Aliyelichagua gari ndiye anayepaswa kuidhamini bima yake.

Hoja hii si ngeni duniani. Usiku wa Desemba 31, 2013, huko San Francisco nchini Marekani, dereva aliyekuwa akifanya kazi kwa mtandao wa Uber aliigonga familia iliyokuwa ikivuka barabara, na mtoto wa miaka 6 akafa. Kampuni ilieleza kwamba wakati huo dereva hakuwa amebeba abiria wala hakuwa akielekea kumchukua mmoja. Kwa maneno mengine, ajali ilikuwa imetokea katika mwanya uliopo baina ya safari moja na nyingine. Wananchi hawakuridhika. Mwaka 2014 jimbo la California lilitunga sheria ya kuuziba mwanya huo, nayo ikaanza kutumika Julai 1, 2015. Ilitaka pawepo bima ya dola milioni 1 tangu dereva anapoipokea safari hadi abiria anaposhuka, na bima ya kiwango kidogo zaidi katika muda ambao dereva amewasha simu akisubiri kuitwa. Si lazima viwango vya California viigwe, kwa kuwa uchumi ni tofauti. Kinachofaa kuigwa ni msingi wake: kila dakika ya kazi iwe na bima inayojulikana, na mtu aliyeumia asiachiwe kazi ya kuitafuta.

Wapo watakaosema kwamba masharti ya namna hiyo yatapandisha nauli na kuwaumiza wananchi wale wale wanaotetewa. Hoja hiyo isipuuzwe. Hata hivyo, gharama ya bima haipotei kwa kutolipwa. Hubadili mlipaji tu. Ikigawanywa katika safari zote za mwaka mzima, kila abiria huchangia kiasi kidogo. Isipogawanywa, mtu mmoja huibeba yote siku ya ajali, naye ni yule aliye kitandani, asiye na nguvu ya kuibeba. Zaidi ya hayo, biashara iliyoweza kubishania asilimia 15 au 25 ya kila nauli haiwezi kusemwa kwamba haina mahali pa kutoa ada ya bima.

Madereva nao wasisahauliwe. Tanzania Bara inayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kukusanya michango ya waajiri mwaka 2015. Mfanyakazi anayeumia akiwa kazini hulipwa na mfuko huo bila kulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu. Lakini dereva wa mtandao aghalabu hana mkataba wa ajira. Huitwa mshirika, na mshirika hana mwajiri wa kumchangia. Nchini Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri huko walikuwa wafanyakazi wenye haki za kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ingawa mikataba yao ilisema vingine. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za nchi nyingine. Fundisho lake ni kwamba sheria hutazama kazi jinsi inavyofanyika, wala haitosheki na jina lililoandikwa katika mkataba.

Wakati marekebisho yakisubiriwa, aliyeumia asikae akingoja. Hatua za siku za mwanzo ndizo zinazoamua hatima ya madai yake. Ajali itolewe taarifa polisi, na hati ya PF3 ipatikane, kwa kuwa ndiyo inayounganisha jeraha na ajali. Kumbukumbu ya safari iliyomo katika simu ihifadhiwe kabla haijafutika: jina la dereva, namba ya gari, saa, njia na malipo. Uhalali wa bima ya gari uangaliwe katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), ambao humwonyesha mwananchi bima ya gari kwa kutumia namba yake. Risiti zote za dawa, vipimo na nauli za kwenda hospitali zitunzwe pamoja na vyeti vya daktari.

Kesi ya dereva katika mahakama ya usalama barabarani ifuatiliwe vile vile. Wengi hudhani kwamba dereva akitozwa faini shauri limekwisha. Faini huingia katika hazina ya Serikali. Haimnunulii majeruhi hata gongo la kutembelea. Faida ya kesi hiyo ni kwamba hukumu ya kumtia dereva hatiani huwa ushahidi mzito katika madai ya fidia. Jambo jingine la kujihadhari ni karatasi inayoletwa kitandani pamoja na fedha kidogo, ikimtaka mgonjwa aweke saini kwamba hatadai tena. Jeraha ambalo daktari hajamaliza kulipima halina bei inayojulikana, na saini iliyowekwa kwa njaa ya siku moja huweza kumgharimu mtu maisha yake yote.

Kadhalika, muda una mpaka. Kwa Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 89, madai ya madhara ya namna hii hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3, na kampuni ya bima inapaswa kupewa taarifa ya shauri mapema. Mwenye mgogoro na kampuni ya bima huweza pia kumwendea Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Naye mtumishi au mwalimu aliyeumia akiwa katika safari aliyotumwa na mwajiri wake atoe taarifa kazini bila kukawia, maana huenda ana haki katika Mfuko wa Fidia pia. Kadi ya matibabu isimfanye adhani kwamba amekwisha kulipwa. Kadi humtibu, lakini hairudishi nguvu iliyopotea.

Watumishi na walimu wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Mjini na kijijini, wao ndio wanaofuatwa na majirani wanapopata barua wasiyoielewa au karatasi ya kutia saini. Mwalimu anayejua tofauti ya faini na fidia huweza kuiokoa familia nzima. Mtumishi aliyepewa kazi ya kukagua leseni au hati za bima naye akumbuke kwamba muhuri anaougonga bila kutazama huweza kuwa mlango uliofungwa mbele ya majeruhi asiyemjua.

Linalohitajika si gumu. Leseni ya kuendesha huduma ya teksi mtandao ifungamane na uthibitisho kwamba kila gari, bajaji na pikipiki inayopokea safari ina bima ya kubeba abiria kwa malipo, na bima ikikoma, simu ya dereva isipokee safari tena hadi ihuishwe. Mitambo inayoweza kujua gari liko mtaa gani kwa dakika ile haiwezi kushindwa kujua bima inakwisha lini. Kampuni ilazimike kumpa majeruhi na polisi kumbukumbu za safari pindi zinapohitajika. Na panapobainika kwamba gari lililomjia abiria halikuwa na bima iliyostahili, kampuni iliyolituma iwe ya kwanza kulipa, kisha yenyewe ikadaiane na mwenye gari. Inazo hati zake, inayo anwani yake, na inazo fedha zake. Majeruhi hana hata kimoja cha hivyo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Abiria amekwisha kutimiza wajibu wake siku alipolipa nauli. Waliopokea sehemu ya nauli hiyo nao watimize wao.