Fundi, tundika saa mbele ya kamera

Nikitengeneza kabati la mninga hapa uani kwangu Morogoro, naifunga simu kwenye nguzo ipige picha moja kila baada ya sekunde 5. Picha hizo zikiunganishwa kwa kasi ya 25 kwa sekunde, saa nzima ya kupiga randa hupita kwa sekunde zisizozidi 29.

Video za namna hii zinavutia, na nawahimiza mafundi wenzangu wazirekodi. Lakini wengi hukata sehemu za kusubiri: mbao zikiwa zimebanwa hadi gundi ishike, vanishi ikikauka kabla ya kupigwa msasa na kupakwa tena. Mteja anayeona mbao zikigeuka kabati kwa dakika moja atashangaa bei, kisha atataka lake kesho. Kijana anayejifunza naye ataamini kwamba ufundi ni haraka.

Pendekezo langu ni jepesi. Tundika saa ya ukutani mahali kamera inapoiona, acha kusubiri kuonekane, na mwishoni andika jumla ya saa ulizofanya kazi. Muda ni sehemu ya bei. Mteja ana haki ya kuuona, nasi tuna haki ya kulipwa kwa huo muda.