Dawa Ipimwe Mapema

Mgonjwa wa saratani atiwapo dawa kali, nywele humnyonyoka, kutapika humdhoofisha, na kazi yake husimama. Hayo yote atayavumilia, mradi dawa yenyewe inafanya kazi. Lakini atajuaje?

Kwa miaka mingi jibu limetolewa kwa kipimo cha urefu. Kanuni za wataalamu za mwaka 2000, zilizorekebishwa 2009, zasema vipimo vya uvimbe sharti vipungue kwa asilimia 30 au zaidi ndipo ihesabiwe kuwa dawa imeusinyaza kwa sehemu. Uvimbe huchukua muda kusinyaa, na mgonjwa aweza kumaliza miezi akinywa sumu isiyomfaa.

Mtambo wa sumaku, ule waganga wauitao MRI, waweza kutoa habari mapema zaidi. Mwaka 1971 Raymond Damadian wa Marekani alionyesha kwamba uvimbe wa saratani wa panya haujibu sumaku sawasawa na nyama isiyo na ugonjwa. Paul Lauterbur na Peter Mansfield ndio waliotafuta njia za kupata picha kwa sumaku hiyo, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Ndani ya saratani chembe husongamana kama abiria wa basi la asubuhi; maji hayana pa kupita. Dawa ikiziua, kuta zake hupasuka na maji hutembea kwa nafasi. Mtambo huuona mwendo huo, pengine katika wiki chache tu, na uvimbe ungali na ukubwa ule ule.

Wako wasemao kuwa hiyo ni anasa ya matajiri. Sisi twakataa. Saratani ya shingo ya kizazi huua wanawake wengi wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Mama aliyeacha shamba lake mkoani akaja kutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, ana haki ya kujua mapema kama mateso yake yana faida, ili tiba ibadilishwe angali na nguvu.

Hata hivyo tusidanganyane. Hesabu za mtambo mmoja hazilingani daima na za mwingine, hivyo mgonjwa apimwe kwa mtambo ule ule na kwa utaratibu ule ule. Tena sumaku ya mitambo mingi hupozwa kwa heliamu yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na umeme ukatikao ovyo ni adui yake. Basi wanaopanga bajeti za hospitali waandike mishahara ya mafundi na gharama za matengenezo katika ukurasa ule ule wenye bei ya mtambo.