Baba wa mimba hatarishi asisubiri nje

Daktari akishaandika kwenye kadi ya kliniki kwamba mjamzito ana vidokezo vya hatari, maandishi yale yanamhusu baba sawasawa na yanavyomhusu mama. Nyumba nyingi hazioni hivyo. Kadi inarudi ndani ya mkoba wa mama, jioni baba anauliza wamesemaje, anajibiwa kuwa presha imepanda kidogo, na mazungumzo yanahamia kwenye ada ya shule.

Kwa mjamzito, presha haipandi kidogo. Ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, mama huyo anahitaji kufuatiliwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo kifafa cha mimba huanzia. Kichwa kinamuuma na hakisikii dawa, anaona maluweluwe, anabanwa na maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono vinavimba ghafla. Anayeziona dalili hizo saa nane za usiku si nesi. Ni mwanaume aliyelala naye kitanda kimoja. Asipozijua, atampa panadol na kumsihi ajaribu kulala.

Tanzania imefanya kazi kubwa, na hatuoni sababu ya kuificha. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walifika asilimia 81, kutoka 63. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unampa mjamzito mwenye dharura usafiri kwa kupiga 115 bila malipo, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo hutumwa dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa. Kisingizio cha usafiri kimepungua nguvu.

Kilichobaki kiko sebuleni. Watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza mwaka 1994 kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika na kuchelewa kuhudumiwa. Ule wa kwanza hutokea nyumbani, na kwetu jina lake ni "ngoja baba watoto arudi". Mama anatapika na kushika kichwa, mama mkwe anapiga simu, simu haipatikani, watu wanasubiri kauli ya mwenye nyumba.

Tunasema wazi: mwanaume mwenye mke aliyeandikiwa hatari na bado anataka aombwe ruhusa, anacheza na roho mbili. Aiondoe ruhusa hiyo leo, na aiondoe mbele ya mama yake mzazi ili isije ikageuzwa ugomvi baadaye: mke akijisikia vibaya aondoke, asimsubiri mtu.

Hofu ya baba tunaijua. Anayeambiwa kwamba mkewe na mwanawe wote wawili wanaweza kupotea hawezi kutulia. Anawaza hela, anawaza watoto walioko nyumbani, anawaza na yale asiyothubutu kuyatamka. Kwa malezi tuliyopewa, haya yote anayameza. Wengine wanahamia kijiweni, wengine ghafla wana safari za kikazi zisizokwisha, wengine wanazunguka kwa waganga na kwenye maombezi mpaka vidonge vya presha vinaachwa kabatini. Kuogopa si kosa, na hatumhukumu mtu kwa hilo. Kosa ni kuigeuza hofu kuwa likizo ya majukumu.

Na kazi ipo tele kwa mwenye hofu. Ajue kundi la damu la mkewe, kisha atafute ndugu wa kuchangia kabla siku haijafika, maana damu haiuzwi na mwanaume mwenye afya njema anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu. Mke akiwa na kundi hasi, aulizie mapema sindano ya Anti-D, kwa kuwa huchomwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua na si kila kituo kinayo. Kama kijiji kiko mbali na hospitali, ampeleke akasubiri chigonela, yaani nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua, wiki zikikaribia. Achote maji mwenyewe. Ndoo haijawahi kuua mwanaume.

Lakini baba anayejitokeza naye anakutana na mlango uliofungwa. Kliniki zetu zilimwita mwanaume kwa ajili ya kipimo cha VVU. Akishatolewa damu, shughuli yake imekwisha, anaelekezwa kwenye benchi la nje wakati mkewe anaelezwa ndani mambo ambayo wote wawili walipaswa kuyasikia. Mbaya zaidi ni ule utaratibu wa baadhi ya vituo kumrudisha mama aliyekuja peke yake hadi alete barua ya serikali ya mtaa. Mwanaume amekataa kuja, anayeadhibiwa ni mjamzito. Ni upuuzi, na ukomeshwe.

Sheria nayo haina cha kujivunia. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa baba siku tatu zenye malipo, azichukue ndani ya siku saba baada ya mtoto kuzaliwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa wiki mbili. Kifungu hichohicho chetu kinatoa siku nne zenye malipo mke akifariki, ila mke akiwa amelazwa kwa presha, mimba ina miezi saba, hakimpi mumewe hata siku moja. Ina maana mfanyakazi analipwa akimzika mkewe, halipwi akimuuguza asife. Kumwambia achukue likizo bila malipo ni kumnyang'anya nauli na hela ya dawa wakati anapozihitaji kuliko siku zote.

Dereva wa bodaboda na mkulima hawatafikiwa hata sheria hiyo ikirekebishwa, tunajua. Kwao mzigo uko kwa kliniki na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao wanapaswa kumkalisha baba chini na kumfundisha dalili za hatari.

Bunge lirekebishe kifungu cha 34, ili daktari akithibitisha kwa maandishi kwamba mimba ni hatarishi, baba apate siku za kuuguza zenye malipo kabla ya uzazi. Wizara ya Afya ipige marufuku kwa waraka barua za serikali ya mtaa. Na wewe msomaji ambaye mkeo ni mjamzito, iombe kadi yake usiku huu, uisome yote, na pale usipoelewa nenda naye kliniki ukaulize.