Mshauri wa Biashara Idodi: Alipwe kwa Kazi Gani?

Katika duka la mama mmoja wa Idodi, mkoani Iringa, pembeni mwa barabara inayokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kuna daftari ambalo kurasa zake zimekunjamana kwa kushikwa na mikono yenye mafuta ya kula. Nililifungua kwa ruhusa yake. Ndani yake mna majina na namba tu: sukari kilo moja, sabuni kipande, mafuta robo, na mbele ya kila jina kiasi anachodaiwa. Waliolipa wamechorewa mstari. Nikamwuliza wiki ile ameuza kiasi gani. Akajibu bila kusita, "Mwanangu, hiyo ipo kichwani." Nikauliza faida. Akafikiri kidogo, kisha akasema faida ni ile inayosomesha watoto.

Mama huyu anaambiwa kila mahali kwamba anahitaji mshauri wa biashara. Anaambiwa kwenye semina, kwenye redio, kwenye mikutano ya kikundi chake. Kijana mmoja kutoka mjini ameshampitia na kompyuta yake begani, akamtajia shilingi 150,000 za kumwandalia andiko la mradi. Kwa duka lake hizo ni fedha nyingi, ni karibu mzigo wa wiki nzima. Aliponiuliza kama azitoe, nilimwambia asubiri kwanza nilifikirie. Nimelifikiria, na jibu langu ni kwamba mshauri anamhitaji kweli na anapaswa kumlipa, ila si kwa kazi ile ya andiko.

Tuanze na hilo andiko, maana ndilo linalouzwa zaidi. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utaratibu huo baada ya malalamiko ya vikundi hewa na marejesho mabovu, na 2024 mikopo ikarudi kwa utaratibu mpya. Kikundi kinachoomba kinatakiwa kuwa na usajili, akaunti ya benki na andiko. Hapo ndipo soko la washauri lilipozaliwa. Mama anayeuza mchele hajui kuandika kurasa kumi na mbili zenye majedwali ya makadirio ya miaka mitatu, na kijana wa kompyuta anajua. Anachofanya, mara nyingi, ni kuchukua andiko la kikundi cha jana na kubadilisha jina la kikundi na la kijiji.

Nimesoma maandiko ya namna hiyo. Katika andiko kuku hawafi, mvua haikati barabara, na mchele wote unauzwa kwa bei ya Januari. Anayeujua ukanda huu wa mpunga, Idodi hadi Pawaga, anajua mambo yalivyo. Mavuno yanaingia katikati ya mwaka, watu wote wana magunia, na bei iko chini. Anayeweza kuweka mzigo ghalani hadi miezi ya njaa ndiye anayekula faida. Wengi hawawezi, kwa sababu walishachukua mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, wakati wa palizi na mwenye fedha anasubiri mlangoni siku ya kupura. Mshauri ambaye hajawahi kuuliza, "Unadaiwa na nani, na tarehe ngapi?" hawezi kuliona jambo hili hata angekaa na andiko lake mwezi mzima.

Siwalaumu vijana hawa kwa kutafuta riziki. Lakini tazama jinsi malipo yao yalivyopangwa. Wanalipwa kabla ya mkopo kutoka, wanalipwa hata mkopo usipotoka, na biashara ikifa baada ya miezi sita hawaguswi. Tena hakuna wa kuwauliza. Mhasibu ana bodi yake, NBAA. Wakili anaweza kushitakiwa kwa ukiukaji wa maadili ya taaluma. Mshauri wa kodi anatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwa mshauri wa biashara, mtu yeyote mwenye kadi ya jina na tai anaweza kujiita hivyo kesho asubuhi.

Kuna watakaosema kwamba ushauri wa biashara kwa wadogo ni kupoteza fedha tu, bora wapewe mtaji. Hoja hiyo ina uzito, na imepimwa. Huko Accra, Ghana, watafiti Dean Karlan, Ryan Knight na Christopher Udry waliwapelekea mafundi cherehani washauri kutoka kampuni kubwa ya kimataifa ya uhasibu. Mafundi walifundishwa kuweka kumbukumbu, kutenganisha fedha ya kazi na ya nyumbani, kuwahudumia wateja vizuri. Walifuata kwa muda, kisha taratibu wakarudia walivyozoea, na faida haikupanda. Huko Puebla, Meksiko, hali ilikuwa tofauti: biashara zilizokaa na mshauri mwaka mzima, kwa saa kadhaa kila wiki, zilinufaika, na miaka mitano baadaye zilikuwa zimeajiri watu zaidi. Lakini nyingi kati ya hizo zilikuwa kubwa kuliko duka la Idodi, na hakuna mama wa Idodi atakayemlipa mtaalamu mwaka mzima.

Mfano unaonigusa zaidi uko jirani, Dandora, Nairobi. Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, katika utafiti waliouchapisha 2018, waliwagawa wanawake wenye biashara changa katika makundi. Wengine walipelekwa darasani kusoma biashara. Wengine waliunganishwa na mwanamke mzoefu wa eneo hilohilo, mwenye umri mkubwa kidogo na biashara ya aina ileile iliyosimama kwa miaka, wakawa wanakutana na kuzungumza. Wa darasani walijifunza, lakini faida yao haikupanda. Walioshikwa mkono na mama mzoefu, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20.

Kilichofanya kazi hapo kilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Mama mzoefu alimwambia mwenzake, "Mbona unanunua kwa huyo? Twende kwa yule." Gharama ya mzigo ikashuka, faida ikapanda. Mtu wa darasani hana maarifa hayo, kwa sababu hayajaandikwa popote. Yamo miguuni mwa mtu aliyezunguka soko. Halafu kuna sehemu ya pili ya habari hiyo, nayo ni muhimu vilevile: kadiri mikutano ile ilivyokoma, faida ya ziada nayo ikapungua hadi ikaisha. Soko hubadilika. Msambazaji wa bei nafuu wa mwaka huu si lazima awe yuleyule mwakani.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatukupaswa kuambiwa haya na Dandora. Tunao Wakinga wa Makete. Nani asiyejua jinsi kijana wa Kikinga anavyoingia kwenye biashara? Anachukuliwa na ndugu yake mwenye duka Mbeya, Iringa au Kariakoo. Anafagia, anabeba maboksi, anasimama kaunta, anatumwa kufuata mzigo, anajua nani anakopesheka na nani hapana. Miaka inapita. Siku ndugu yake anapoona ameiva, anamfungulia duka au anampa mali ya kuanzia, na bado anamchungulia. Huo ni ushauri wa biashara uliokamilika: maarifa, utambulisho kwa wenye mzigo, na jicho la mtu ambaye hasara yako itamuuma. Haukuandikwa kwenye andiko lolote, na umejenga maduka mitaa mizima.

Tatizo ni kwamba mama wa Idodi hana ndugu wa Kikinga. Hawezi kwenda kufagia duka la mtu kwa miaka minne. Ana watoto, ana shamba la mpunga, ana mama mkwe mgonjwa. Kwa hiyo kile ambacho Mkinga anakipata kwa undugu, yeye inabidi akinunue. Na hapo ndipo ninaposema alipe.

Amlipe nani? Nafikiri mtu wa kwanza kumwangalia ni mama aliyeuza jumla kwa miaka kule Mlandege, Iringa mjini, au karani mstaafu wa chama cha ushirika ambaye bado mkono wake unajua hesabu. Asiwe mshindani wa mtaa uleule, kwa sababu hakuna mfanyabiashara atakayemfichulia jirani yake anaponunua. Mtu wa kijiji kingine, Mapogoro kwa mfano, hana cha kupoteza ukijua bei yake. Na amlipe kwa kazi yenye mipaka: safari moja pamoja naye kwenda mjini kununua mzigo, na baada ya hapo saa mbili kila mwezi juu ya daftari. Nauli yake, chakula chake, na kitu mkononi. Ukijumlisha kwa nusu mwaka huenda isifike bei ya andiko la kijana yule, na kila mwezi mama anaweza kuacha kama haoni faida. Mshauri anayejua kwamba anaweza kuachwa mwezi ujao huja na jambo la kusema.

Daftari lenyewe lina thamani ya fedha taslimu, na jambo hili halisemwi vya kutosha vijijini. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ni kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka hulipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Chukua duka linalouza milioni 5, yaani wastani wa kama shilingi 13,700 kwa siku. Mwenye daftari atalipa 30,000. Asiye na daftari, 100,000. Hiyo tofauti ya 70,000 ndiyo nauli na posho ya mshauri wake. Na kama mauzo hayakufika milioni 4, hadaiwi kodi hiyo kabisa. Lakini atathibitishaje, kama hesabu ipo kichwani? Ule msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari tunaujua wote, na tumeuandika hata kwenye kuta za maduka. Tuliousahau ni upande wake wa pili, kwamba daftari linalorekodi madeni peke yake halitoshi. Mama yule anajua anachowadai watu. Hajui duka lenyewe linamdai nini.

Kwa upande wa Serikali, ninaona jambo moja la kurekebisha. Tuna SIDO, shirika la viwanda vidogo, tangu 1973; ina ofisi Iringa mjini na Mbeya mjini, na kuna watu wenye ujuzi humo. Tuna maofisa maendeleo ya jamii katika kata. Lakini kutoka Idodi kwenda mjini ni siku nzima ya duka lililofungwa, na ofisa mmoja wa kata hawezi kukaa juu ya madaftari ya vikundi vyote. Halmashauri ingeweza kulipa ziara za wafanyabiashara wazoefu kwa vikundi vilivyopata mkopo, baada ya mkopo kutoka, kwa sababu hapo ndipo marejesho yanapookolewa au kupotea. Najua hatari yake: fedha ikishaitwa ya ushauri inageuka haraka kuwa posho za semina hotelini. Kwa hiyo asilimia 10 ya vikundi isiguswe hata shilingi. Fedha itoke kwenye bajeti nyingine, ilipwe kwa ziara, na kikundi chenyewe ndicho kisaini kwamba mgeni alikuja na alisaidia nini. Kikundi kisiposaini, hakuna malipo. Na lile andiko lifupishwe liwe ukurasa mmoja ambao mwenyekiti wa kikundi anaweza kuusoma kwa sauti mbele ya wenzake na kuujibia maswali.

Tarafa hii ya Idodi imeshaona washauri wengi. Mwaka 1997 ulianza mradi wa MBOMIPA, Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, kwa msaada wa Uingereza, ukiwa na wataalamu, ramani na mipango. Mradi uliisha, wataalamu wakaondoka, na jumuiya ya vijiji ikabaki ikiendesha mambo yake. Watu wa huku hawashangazwi na gari la mtaalamu. Wanamwuliza atarudi lini.

Nilirudi kwa mama wiki mbili baadaye. Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi, mjukuu wake aliingia, akachukua sukari nusu kilo na kipande cha sabuni vya nyumbani, akatoka mbio. Mama akanitazama, nikamtazama. Akavuta daftari, akapiga mistari miwili kwa kutumia kipande cha boksi la majani ya chai, ukurasa ukawa na safu tatu. Juu ya safu ya kwanza akaandika "Imeingia", juu ya safu ya pili "Imetoka". Kwenye ya tatu alisimama kidogo na kalamu, kisha akaandika "Nyumbani", na chini yake: sukari nusu, sabuni moja.